Kutega wavu chini ya barafu, kama Bibi wa Behchokǫ̀ alivyonifundisha

Kwetu Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, mwanamke hagusi wavu. Nimekulia mwaloni, mama akianika dagaa juu ya mchanga na baadaye juu ya chanja, lakini siku ya kazi sikuwahi kupanda mtumbwi, na makila za baba, yaani nyavu zake, nilizipitia mbali zikiwa zimetandazwa kukauka. Wavu wa kwanza kuushika kwa mikono yangu miwili nilipewa na bibi wa kabila la Tłı̨chǫ, juu ya ziwa lililoganda, kaskazini mwa Kanada, baridi ikiwa nyuzi 28 chini ya sifuri. "Shika upande wa maboya," aliniambia. "Na uende polepole. Wavu unamjua mtu mwenye haraka."

Naishi Yellowknife, mji wa watu kama 20,000 ukingoni mwa Great Slave Lake. Bibi yuko Behchokǫ̀, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari kutoka kwangu. Tulijuana kanisani, kwenye chai baada ya misa, aliposikia kwamba nimezaliwa kisiwani na wazazi wangu wanaishi kwa samaki. Hakuniuliza habari za simba wala joto. Aliuliza macho ya nyavu zetu yana ukubwa gani. Nikaona aibu kwamba jibu sina.

Nimeandika haya kwa ruhusa yake. Alinikataza mambo mawili tu: nisimtaje jina, na nisiseme wavu wake uko wapi. Mengine yote, alisema, yapeleke kwenu.

Ruhusa kwanza

Usiende ziwani na wavu kwa sababu umesoma maelekezo haya. Watu wa Tłı̨chǫ, ambao ni sehemu ya taifa la Wadene, wana haki ya kuvua inayotokana na mkataba. Mwaka 1921, hapo hapo Behchokǫ̀, chifu wao Mǫwhì alitia saini Mkataba wa 11 baada ya kudai ahadi kwamba watu wake wataendelea kuwinda na kuvua kama walivyozoea. Mwaka 2003 ukasainiwa mkataba mpya, ukaanza kazi 2005, nao ukawapa serikali yao wenyewe pamoja na umiliki wa kilomita za mraba kama 39,000 za ardhi. Mgeni kama mimi hana haki hiyo. Ukitaka kutega wavu wako, nenda kwanza ofisi ya uvuvi uulize leseni. Mimi wavu si wangu. Mimi ni mikono ya Bibi, ambaye ana miaka 80 na zaidi na mabega yake hayawezi tena kuchimba matundu kwa mtaimbo.

Kuna ruhusa nyingine ambayo hakuna ofisi inayoitoa. Kabla ya tundu la kwanza Bibi hutoa tumbaku kidogo mfukoni, akikosa tumbaku hutoa majani ya chai, akayaweka kwenye maji na kusema maneno machache kwa lugha yake. Anaita kuyalipa maji. Ukienda na wazee wa huku, simama kimya, vua kofia ukiweza kuvumilia, na ulipe na wewe. Mtu aliyeona matambiko ya kwetu hatahitaji kuelezwa zaidi.

Wakati na mahali

Ziwa huanza kuganda mwishoni mwa Oktoba na kuendelea Novemba, ghuba ndogo zikitangulia. Wakati mzuri wa kutega ni pale barafu imeshakuwa salama lakini bado ni nyembamba na haijalaliwa na theluji nyingi. Ukichelewa mpaka Februari utachimba zaidi ya mita moja kwa kila tundu. Msalaba Mwekundu wa Kanada unasema sentimita 15 za barafu nzima, iliyo angavu, kwa mtu anayetembea, na 25 kwa pikipiki ya theluji. Barafu nyeupe yenye mapovu ina nguvu ndogo kuliko ile ya rangi ya samawati.

Bibi hatembei na rula. Anatembea na mtaimbo, na kila baada ya hatua chache anapiga mbele yake pigo moja la nguvu. Mtaimbo ukipita kwa pigo hilo moja, tunageuka tulikotoka, tukikanyaga nyayo zetu zilezile. Anaogopa mikondo: penye kijito kinachoingia ziwani, na penye njia nyembamba kati ya visiwa viwili, barafu hubaki nyembamba hata katikati ya baridi. Siku moja aliniambia tuzunguke sehemu ambayo mimi niliiona sawa kabisa na nyingine. Nilipomuuliza amejuaje, alinionyesha theluji ya pale ilivyokuwa na kivuli cha kijivu, kama kitambaa kilicholowana kwa chini.

Samaki anayetafutwa zaidi ni yule wa magamba ya fedha na mdomo mdogo, ambaye Waingereza humwita samaki mweupe. Hupenda maji ya kina cha mita 3 hadi 6 karibu na ncha za miamba. Huja pia trauti, paiki mwenye meno, na mara chache yule wa ngozi laini na ndevu moja kidevuni, ambaye ini lake Bibi hamwachii mtu.

Nikiwaambia nyumbani kwamba ziwa hili lina kina cha mita 614 pale lilipozama zaidi, hawaamini. Ziwa letu ni kubwa kuliko hili mara mbili na zaidi, lakini kina chake kinaishia mita 80 na kitu. Wavu hata hivyo haujali kina cha katikati, unakaa pembeni wanakopita samaki. Na kuna pembeni zisizofaa. Upande wa Yellowknife Bibi hali samaki wa karibu na mgodi wa zamani wa dhahabu uitwao Giant, uliofungwa 2004 ukaacha tani 237,000 za vumbi la aseniki chini ya ardhi. Ukiwa mgeni, uliza wenyeji wanavua wapi na wameacha kuvua wapi.

Vifaa

Wavu wetu una mita 45, macho ya inchi 5 yakivutwa. Utahitaji mtaimbo wenye ncha bapa, na keekee ya injini kama unayo. Upawa mkubwa wenye matundu, wa kuchotea vipande vya barafu. Mti wa mspruzi, jamii ya msonobari, wa mita 6, mwembamba, ulioganduliwa magome na kutobolewa mkiani. Ufito mfupi wenye panda. Kamba ya nailoni inayouzidi wavu kwa mita kama 10. Mawe mawili ya kilo mbili mbili, turubai, ndoo, magunia, na chai nyingi ya moto.

Mtaimbo ufungwe kamba na kamba ivae mkononi, kila siku, hata kwa tundu dogo. Barafu inapoachia ghafla, chuma hupita mikononi kama samaki mkunga. Bibi alipoteza wa baba yake akiwa na miaka saba. Baba hakumgombeza. Alikaa siku nzima bila kusema, na chuma kingine walikipata majira ya kuchipua, walipofika dukani na ngozi za kuuza. Miaka 70 na zaidi imepita, na bado ananikagua kifundo cha mkono kabla sijapiga pigo la kwanza.

Kupitisha kamba

Kazi yote iko hapa. Wavu hauwezi kutupwa, kwa hiyo lazima kamba ipite chini ya barafu kutoka tundu la kwanza hadi la mwisho, kisha kamba iuvute wavu.

Siku hizi wengi hutumia ubao wa kutambaa: ubao mrefu wenye mkono wa chuma katikati, unaoelea ukigusa barafu kwa chini. Unavuta kamba, mkono unauma barafu na kuusukuma ubao mbele, unaachia, unavuta tena. Matundu mawili yanatosha. Mwenzako anatembea juu akifuata mlio, na ubao ukifika mwisho anachimba pale ulipo. Bibi anao, upo kibandani. Lakini alikataa nianze nao. Alitaka nianze na mti.

Kwa njia ya mti unachimba matundu kwa mstari, yakipishana mita 5, yaani pungufu ya urefu wa mti. Kwa wavu wa mita 45 ni matundu 10. La kwanza na la mwisho yawe mapana kiasi cha kupitisha samaki mkubwa, ya katikati yatoshe mkono na ufito. Weka alama zote kwanza kwa matawi, ukiangalia kitu kimoja cha mbali, la sivyo mstari utapinda. Wangu wa kwanza ulipinda kuanzia tundu la nne, na Bibi akanifanya nichimbe upya.

Funga kamba kwenye tobo la mkia wa mti. Uingize mti tundu la kwanza, ulaze, uuelekeze tundu la pili. Mti unaelea, kwa hiyo unakaa umegusa barafu, na barafu ikiwa angavu utauona kama mstari wa njano unaopita chini ya miguu yako. Piga magoti tundu la pili, ingiza ufito, panda yake iushike mti, usukume mbele. Uende tundu la tatu, urudie. Mwenzako yuko nyuma anaachia kamba taratibu.

Shida huja theluji inapofunika barafu na mti haukuonekana kwenye tundu. Mimi nilitaka kuchimba tundu jingine. Bibi akaniambia nigonge mti uliobaki mkononi mwangu, taratibu, kwa kisu. Yeye akatembea mbele, akafagia theluji kwa kiganja, akavua kile kifaa chake cha kusikilizia na kukitia ndani ya glavu, akalala kifudifudi na kuegemeza taya kwenye barafu. Nikagonga. Akasogea hatua moja kushoto, akalala tena. Nikagonga. Akanyosha kidole: ncha ya mti ilikuwa nusu mita pembeni mwa tundu. "Sikio limechoka," alisema akipangusa shavu lililobabuka kwa baridi. "Mfupa bado."

Nilimuuliza nani alimfundisha vile. Ndipo, kati ya tundu la tatu na la sita, nilipoelezwa habari ambayo nisingeipata kwa kuketi mezani na kuuliza maswali.

Alizaliwa hemani, mwezi wa kuingiza nyavu chini ya barafu. Walihama na majira. Kiangazi kikiisha walipanda kwa mitumbwi kwenye njia ya zamani ya Idaà, wakibeba mitumbwi mabegani pale mito ilipokatika, kuwafuata ɂekwǫ̀, kulungu wa kaskazini, ambao wakati ule walipita kwa makundi mpaka ardhi ikasikika. Baridi walirudi kwenye samaki, kwa sababu mbwa wa kukokota sleji hula kila siku. Samaki walitungwa kumi kumi kwenye ufito na kuanikwa juu ya ulingo, na mtoto alijifunza kuhesabu kwa fito hizo.

Kisha mwezi wa nane mmoja ndege ilitua majini. Alipelekwa shule ya bweni, akakaa huko miaka mingi. Kuzungumza lugha ya nyumbani kulikuwa kosa la kuadhibiwa. Watoto zaidi ya 150,000 wa watu wa asili walipitishwa katika shule za namna hiyo nchini Kanada, na serikali iliwaomba radhi bungeni tarehe 11 Juni 2008. Bibi alisikia kwenye redio akiwa anapasua samaki. Hakuweka kisu chini, samaki wangeharibika.

Aliporudi kambini alikuwa msichana mkubwa, na bibi yake mzaa mama alimpokea kwa maneno asiyoyaelewa tena. Hawakuweza kuzungumza. Yule bibi akachukua mtaimbo, akaufunga kamba kwenye kifundo cha mjukuu, wakaenda ziwani. Majira yote ya baridi yale alimfundisha kwa mikono: anafanya yeye, mtoto anatazama, anampa, anamnyang'anya akikosea, anampa tena. Maneno yalirudi moja moja, kila moja likiwa na kitu chake. La kwanza kurudi lilikuwa łıwe, samaki.

Leo Kitłı̨chǫ ni moja ya lugha 11 rasmi za Northwest Territories, eneo la Kanada tunakoishi, na Bibi hukisema siku nzima na wajukuu zake. Lakini kufundisha bado anafundisha vilevile. Ukimwuliza "kwa nini?" atakuonyesha mara ya pili, polepole zaidi. Mwanzoni nilidhani ananikasirikia, kwa kuwa mimi nimefundishwa kwa maelezo na ubao mweusi. Ukipata mzee wa kukufundisha kazi hii, weka simu mfukoni, acha kuuliza, tazama mikono yake. Kosea mbele yake. Habari za maisha yake zitakuja zenyewe mkiwa mmeinama juu ya kazi, na zikija usizikatize.

Kuingiza wavu

Kamba ikitokea tundu la mwisho, ifunge kwenye wavu, juu upande wa maboya na chini upande wa vizito vya risasi, ncha zote mbili zikutane kwenye fundo moja ili wavu usiingie umejikunja. Hapa ni watu wawili. Mmoja anavuta mwisho kabisa, mwingine anaulisha wavu tunduni kutoka kwenye turubai, akitenganisha mstari wa juu na wa chini kwa vidole. Mvutaji asimame mara tu anaposikia uzito. Kulazimisha kunachana wavu kwenye kingo za barafu.

Kila pembe ya chini ifungwe jiwe. Kisha shusha mstari wa juu uwe mita moja hivi chini ya barafu, kwa sababu barafu inaendelea kukua kuelekea chini na ikiukamata wavu utaupata majira ya kuchipua. Funga ncha zote kwenye gogo lililolazwa juu ya tundu. Funika matundu mawili ya mwanzo na mwisho kwa ubao, juu yake theluji nyingi. Theluji ni blanketi, tundu lililofunikwa vizuri haligandi sana. Simamisha tawi refu la mspruzi kila upande ili wenye pikipiki za theluji waone.

Kuinua

Rudi kesho yake, au keshokutwa kama baridi imekuzuia, usipitishe hapo, maana samaki aliyekufa wavuni huwa laini. Fungua tundu zote mbili. Kwenye ncha ya mbali funga ile kamba ndefu, kisha vuta wavu kutoka ncha ya karibu. Kamba itaingia chini ya barafu nyuma ya wavu, na ukimaliza kutoa samaki utaivuta kule mbali, wavu urudi mahali pake wenyewe. Usisahau kamba. Nilisahau mara moja, tukaanza upya na mti na matundu 10, giza likiingia saa tisa na nusu alasiri.

Samaki hutolewa kwa mikono mitupu, glavu hazina vidole vya kazi hiyo. Tafuta uzi uliobana shavu, uchomoe kwa ukucha wa kidole gumba, samaki atateleza. Mikono ikifa ganzi, itumbukize ziwani. Ndiyo, ziwani. Maji yako karibu na sifuri, hewa iko 28 chini yake, na utahisi maji yana uvuguvugu kama ya kuogea mtoto. Kisha visugue viganja kwa theluji kavu, inanyonya maji, na uvirudishe ndani ya glavu kabla upepo haujavipata. Wavu ulio nje uendelee kumwagiwa maji ya ndoo, usije ukakauka kama waya.

Samaki unayemtupa juu ya barafu anaganda jinsi alivyoanguka. Wanyooshe, wapange, wafunike na theluji haraka kwa sababu kunguru wakubwa wa huku wanaanza na macho. Ng'onda yao, ya kupasua, kutoa mti wa mgongo, kuchanja nyama bila kukata ngozi na kuning'iniza juu ya moshi, ni kazi ya miezi ya joto, na hiyo niliikuta mikononi mwangu tayari, mama alikuwa amenifundisha bila kujua ataipeleka wapi.

Kulungu wale wa utotoni mwa Bibi, kundi la Bathurst, walihesabiwa kama 470,000 mwaka 1986. Mwaka 2018 walibaki kama 8,200, na kuwawinda kumezuiwa. Kwa hiyo kuna nyumba nyingi Behchokǫ̀ ambazo chakula cha nyikani sasa ni wavu. Ndiyo sababu samaki wa kwanza si wa aliyevua. Tukifika, Bibi hukaa na simu kabla hajavua buti, anapigia wenzake wazee mmoja mmoja, na mimi nazunguka na gunia: wanne nyumba ya bluu, wawili kwa mjane karibu na duka, kichwa kikubwa kwa yule asiyependa minofu. Kila mlango unasema masì, asante. Wanaobaki ndio wetu. Mara ya kwanza walibaki wawili, tukawachemsha na viazi, na Bibi akanipa mimi mayai.

Kabla hujalala, leta mtaimbo ndani ya nyumba na ukague kamba yake. Asubuhi tundu litakuwa limefunga unene wa kiganja.